Kuitafuta Pangani ya zamani magazetini: shajara ya mradi

Shajara hii ni ya mradi wa kukusanya kila habari iliyochapishwa kuhusu kijiji cha Waafrika cha Pangani, Nairobi, tangu magazeti ya mji huu yaanze hadi kijiji kilipovunjwa 1939 na Shauri Moyo ikawa makao ya waliohamishwa. Naiandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kufanya kazi kama hii kuhusu mtaa wake, uwe Kibera, Kariokor au Eastleigh. Hatua za kawaida nimezifupisha. Zilizokwama nimezieleza kwa urefu, kwa sababu hizo ndizo zitakazomla mwenzangu muda na pesa asipozijua mapema.

11 Januari 2025: Swali na magazeti

Swali ni dogo, na nimelifanya dogo makusudi: magazeti yalisema nini kuhusu Pangani, na yalisema lini? Swali la aina ya "historia ya Waafrika mjini Nairobi" halina mwisho. Hili lina jina la mahali na lina mwaka wa kufungia.

Uti wa mgongo ni East African Standard. Lilianza Mombasa 1902 likiitwa African Standard, mwanzilishi wake akiwa mfanyabiashara A. M. Jeevanjee. Aliliuza 1905, likabadilishwa jina, na 1910 likahamia Nairobi. Pembeni yake kuna The Leader of British East Africa. Upande wa Waafrika lipo Muigwithania la 1928, la Kikuyu Central Association, mhariri wake Johnstone (baadaye Jomo) Kenyatta. Lipo Habari, gazeti la serikali kwa Kiswahili. Halafu Baraza, gazeti la Kiswahili la kila wiki ambalo kampuni ya Standard ililianzisha 1939.

Mwaka huo wa Baraza uangaliwe vizuri. Gazeti la Kiswahili lenye nafasi ya barua za wasomaji linaanza mwaka uleule Pangani inapobomolewa. Kwa hiyo karibu maisha yote ya kijiji nitayasoma kupitia gazeti la walowezi, na hilo linaamua jinsi ya kutafuta kuliko programu yoyote.

Mahali pa kufanyia kazi hapa mjini: Maktaba ya McMillan, Banda Street, iliyofunguliwa 1931 (Mwafrika hakuruhusiwa kuingia hadi 1958), na Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue. Nyumbani nina kompyuta ya kawaida. Nimenunua diski ya nje ya terabaiti moja, KSh 7,500. Usidharau gharama hiyo: picha za kurasa za gazeti ni nzito, na flashi hazikutoshi hata kidogo.

25 Januari: Pangani mbili

Neno la kwanza nililoliandika kwenye kisanduku cha kutafutia ni "Pangani". Majibu yalimiminika kwa wingi wa kutia moyo, mpaka nilipoanza kuyafungua. Mengi hayakuhusu Nairobi hata kidogo. Yalikuwa ya Pangani ya pwani ya Tanganyika, mji na mto wake. Mwaka 1916 pekee umefurika, kwa kuwa katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Waingereza chini ya Smuts yaliteremka kando ya Mto Pangani yakiwafuata Wajerumani wa Lettow-Vorbeck, na magazeti ya Nairobi yaliripoti vita hivyo hatua kwa hatua. Mtu akichora grafu ya neno hilo mwaka hadi mwaka bila kufungua kurasa, atasema kijiji cha Nairobi kilipata msukosuko mkubwa 1916. Si kweli. Ni mto.

Nilijaribu kuongeza "Nairobi" kwenye utafutaji. Haikusaidia, kwa kuwa gazeti linachapishwa Nairobi na jina la mji liko juu ya ukurasa na ndani ya nusu ya matangazo ya biashara. Nikajaribu kuondoa kurasa zenye maneno "river", "Tanga" na "German". Hapo nilipoteza zile nilizozitaka. Kisa chake ni hiki: katika hifadhi nyingi za kidijitali kipimo cha utafutaji ni ukurasa mzima, si makala. Ukurasa mmoja wa 1916 una habari za vita safu ya kwanza na malalamiko kuhusu kijiji safu ya tano. Ukiondoa vita, umeondoa kijiji pia.

Kilichofaa ni utafutaji wa ukaribu, yaani "Pangani" ndani ya maneno kumi ya "village" au "native". Si kila hifadhi inaruhusu. Isiporuhusu, hakuna njia ya mkato: fungua kila jibu, liandike kwenye lahajedwali, weka alama ya N kwa Nairobi au T kwa Tanganyika. Inachosha lakini hufanyi mara mbili.

15 Februari: Kuupima utafutaji wenyewe

Kabla ya kuendelea nilitaka kujua kisanduku kinaficha kiasi gani. Njia niliyoiona inafaa ni kutafuta jambo ambalo tayari nalijua. Harry Thuku, mpinzani wa serikali ya kikoloni, alikamatwa 14 Machi 1922. Tarehe 16 polisi walifyatulia risasi umati uliokusanyika kudai aachiliwe. Hesabu rasmi ilisema watu 21 walikufa, na Muthoni Nyanjiru ni miongoni mwao. Hakuna gazeti la Nairobi ambalo lingenyamaza juma hilo.

Nilitafuta "Thuku" katika Machi na Aprili 1922, nikaandika kurasa zilizojitokeza. Kisha nikafunga kisanduku na kupitia matoleo hayo yote kwa macho, ukurasa baada ya ukurasa. Jina lilikuwamo kwenye kurasa nyingi ambazo mashine, yaani programu inayogeuza picha za kurasa kuwa maandishi, ilizipita. Pengine mashine ilisoma "Tbuku". Pengine jina lilikatwa mwisho wa mstari. Mahali pengine wino ulivujia upande wa pili wa karatasi na neno zima likawa doa.

Kama tukio kubwa hivyo linaponyoka, kijiji kinachotajwa kwa mstari mmoja chini ya habari za mahakama kitaponyoka mara ngapi? Tangu hapo "hakuna matokeo" silisomi kama "hakuna habari". Kwenye lahajedwali nimeongeza safuwima inayosema habari ilipatikanaje: kwa mashine au kwa macho. Anayeanza, afanye kipimo hiki kwanza kwa tukio analolijua la mtaa wake. Kinachukua jioni chache na kitamwambia aiamini hifadhi kwa kiasi gani.

8 Machi: Ukuta wa 1922

Mkusanyo mkubwa wa kulipia niliokuwa nikiutumia unaishia 1922. Si ajabu: kwa miaka mingi sheria ya hakimiliki ya Marekani iliacha wazi yale tu yaliyochapishwa kabla ya 1923, na wakusanyaji wengi waliweka mpaka wao hapo. Kwa Pangani mpaka huo ni mbaya. Pumwani ilipimwa na kufunguliwa kuwa makao rasmi ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, na hapo ndipo mashauri ya kuihamisha Pangani yanapoanza kupamba moto. Usajili wa mwezi mmoja ulinigharimu karibu KSh 2,600. Sikuuongeza.

Kwa miaka 1923 hadi 1939 kuna maikrofilamu (picha ndogo za kurasa kwenye filamu) na kuna majalada yenyewe, yaani magazeti yaliyofungwa pamoja kama kitabu. Na kuna Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo wengi hulisahau. Lilianza 1899 na limewekwa mtandaoni bure, linatafutika. Si gazeti la habari, lakini lina sheria ndogo za manispaa, matangazo ya ardhi na matangazo ya mirathi. Ukipata habari tata kwenye Standard, angalia Gazeti Rasmi la wiki zilezile. Mara nyingi tangazo lenyewe limo humo bila maneno ya mhariri.

29 Machi: Picha za majalada

Hatua hii ilikula muda kuliko nilivyopanga, na kosa halikuwa la simu. Jalada nene halilali wazi. Safu iliyo karibu na mshono inapinda, na maandishi yaliyopinda mashine haiyasomi. Taa za dari za mirija zinaweka michirizi ya giza kwenye picha. Mwanga wa kamera haukubaliki, na ni haki, kwa kuwa karatasi ya gazeti la miaka tisini inavunjika kama kaimati iliyokaukia juani.

Nilichobadilisha: nakaa karibu na dirisha, asubuhi. Jalada nalilaza juu ya sponji mbili zilizofunikwa kitambaa safi ili mgongo wake usilazimishwe (omba ruhusa kwanza, wasimamizi wengi hufurahi kuona unajali). Sipigi ukurasa mzima. Napiga nusu ya juu, nusu ya chini, kisha safu za mshono peke yake, picha zikipishana kidogo. Kabla ya kila toleo napiga picha ya kichwa cha gazeti chenye tarehe, ili faili zisipotee zilikotoka. Usiku uleule nabadilisha majina ya faili: EAS_1934-05-18_uk07_b. Mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku, ili kompyuta izipange zenyewe. Ukiacha majina yaliyotolewa na simu kwa wiki mbili, kazi ya kupanga inazidi ile ya kupiga picha.

Gharama hapa ni sponji na kitambaa, KSh 650, nauli, na ada ndogo za kusoma.

26 Aprili: Usomaji wa mashine

Natumia Tesseract. Ni programu ya bure ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha: ilizaliwa kwenye kampuni ya HP miaka ya 1980 na msimbo wake ukawekwa wazi 2005. Ina data ya Kiswahili, inayoitwa swa.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuipa ukurasa mzima. Lilishindikana kabisa. Mashine ilivuka mistari ya safu, ikaunganisha sentensi ya mkutano wa manispaa na bei ya siagi. Maandishi yalikuwapo, lakini hayakuwa na maana, na utafutaji wa ukaribu niliousifu juu ukawa unadanganya, kwa sababu "Pangani" na "village" yalikuwa jirani kwa bahati tu.

La pili lilikuwa kuzigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe tupu. Maikrofilamu zilizoskaniwa hivyo zimeenea mtandaoni, nikadhani ndiyo desturi nzuri. Kumbe mistari myembamba ya herufi inafutika: e inakuwa c, b inakuwa h. Nikarudi kwenye rangi ya kijivu, na matokeo yakainuka papo hapo.

Kinachofanya kazi sasa: nakata safu moja moja, kijivu, herufi zikiwa kubwa kiasi cha picha ya nukta 300 kwa inchi, kisha naendesha

tesseract safu.png matokeo -l eng+swa --psm 4

Hiyo psm 4 inaiambia mashine kwamba picha ni safu moja; eng+swa ni Kiingereza na Kiswahili. Kuweka lugha zote mbili ni muhimu hata kwa gazeti la Kiingereza. Kwa Kiingereza peke yake majina yetu yanapindwa yafanane na maneno ambayo mashine inayajua. Hata hivyo makosa yanabaki, na yana mpangilio. "Pumwani" inakuwa "Purnwani". "Pangani" inakuwa "Pangam", maana n na i zikigusana zinaonekana m. Kwa hiyo sitafuti jina, natafuta familia ya makosa yake: Pangani, Pangam, Pangan1, Fangani. Na kabla ya kutafuta naunganisha maneno yaliyokatwa kwa kistari mwisho wa mstari, la sivyo kila "Pan-gani" imepotea.

7 Juni: Gazeti lilikiitaje kijiji

Hapa ndipo mradi ulipofunguka, na haikuwa kazi ya programu.

Majalada ya mwanzo wa miaka ya 1930 yalinipa majibu machache mno, hata kwa majina yaliyopotoshwa. Nikachukua miezi michache na kuisoma yote kwa macho, kutoka tangazo la kwanza hadi la mwisho. Kijiji kilikuwamo tele. Hakikuitwa Pangani. Kilikuwa "the native village", au kilifichwa ndani ya "native housing", au ndani ya taarifa ya afisa wa afya wa manispaa kuhusu choo, maji na msongamano. Kilikuwa kwenye habari za mahakama: pombe, kodi ya kichwa, mtu kukutwa usiku bila kibali. Mwandishi hakuona haja ya kutaja jina kwa sababu msomaji wake hakukaa huko na hakuwa na nia ya kwenda.

Nimetengeneza orodha ya maneno ya wakati huo, na kila neno nimeandika miaka ambayo linafaa. Orodha hii ndiyo naithamini kuliko kitu kingine chochote katika mradi. Kuanzia 1919 mji ni manispaa, kwa hiyo tafuta "Municipal Council". Hadi 1920 nchi ni "Protectorate", baadaye "Colony". Murang'a ni Fort Hall. Moi Avenue ni Government Road, Tom Mboya Street ni Victoria Street, Kenyatta Avenue ni Delamere Avenue na kabla ya hapo Sixth Avenue, Biashara Street ni Bazaar Street. Anayetafuta kwa majina ya leo atarudi mikono mitupu.

Na pengine jambo zito zaidi: watu wa Pangani, wenye nyumba, wengi wao wanawake waliojenga kwa pesa zao na kupangisha vyumba, karibu hawasikiki. Wanaonekana wanaposhtakiwa au wanapohesabiwa. Nimeongeza safuwima ya "nani anasema". Naijaza kwa kila habari, na ukiitazama kuanzia juu hadi chini unaona diwani, daktari, polisi, mhariri, diwani.

5 Julai: Habari moja, mara mbili

Hesabu za 1934 zilikuwa kubwa kupita kiasi. Sababu: Standard lilikuwa na toleo la siku na toleo la wiki, na la wiki lilikusanya upya habari za siku zilizotangulia. Habari moja inaonekana mara mbili kwa tarehe mbili. Hifadhi zingine zina toleo la wiki tu, zingine la siku tu, na nilikuwa nimechanganya. Nimepitia upya na kuweka nambari moja kwa kila habari, matoleo yote mawili yakiandikwa chini yake.

Tatizo jirani yake ni la matangazo ya mipango. "Pangani kuhamishwa" inajirudia, mwaka huu, mwaka ule. Kila moja ukiisoma peke yake unadhani wabomoaji wameshafika. Nyumba zilisimama hadi 1939. Kwa hiyo sasa tarehe ya gazeti na tarehe ya tukio ziko kwenye safuwima tofauti, na ya pili inaachwa tupu kama gazeti linasema tu kile ambacho baraza la manispaa lilikusudia. Pengo kati ya kusudio na tendo lenyewe limekuwa sehemu muhimu ya matokeo: karibu miaka ishirini watu waliishi wakiambiwa waondoke.

16 Agosti: Kurasa zimekwenda Shauri Moyo

Nilichapisha kurasa zilizo wazi zaidi kwa karatasi kubwa za A3 (KSh 40 kila moja, kwa wachapishaji wa mjini) nikazipeleka Shauri Moyo na Majengo kwa wazee ambao mama na bibi zao walikuwa na nyumba Pangani. Nilisoma kwa sauti, nikitafsiri kutoka Kiingereza pole pole.

Bibi mmoja alinisimamisha mapema. Gazeti lilikuwa limesema vibanda. "Mwanangu, andika vizuri," akasema. Mama yake alikuwa na nyumba: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, wapangaji wanaolipa kila mwezi, na ua nyuma. Alinichorea kwa kidole juu ya meza mahali kila mlango ulipokuwa. Niliiandika, nikasoma tena nilichoandika mpaka akaridhika.

Wazee walinipa pia kitu ambacho hakuna hifadhi ingenipa: majina. Majina ya wenye nyumba, ya majirani, ya walimu wa chuo cha Kurani. Nilirudi nayo kwenye matangazo ya mirathi katika Gazeti Rasmi na kwenye habari za mahakama, na milango ikafunguka. Makarani waliandika majina walivyoyasikia, kwa hiyo binti ni "binti", "bint" na hata "binte", na Fatuma, Fatma na Fatima wanaweza kuwa mtu mmoja. Tafuta zote. Kisha rudi kwa aliyekupa jina umwulize kabla ya kuamua ni yuleyule. Kwenye faharasa itakayotoka kwa umma sitaweka majina ya watu binafsi. Familia ndizo zitakazopewa karatasi zao.

Laiti ningeanza na wazee Januari. Anayenifuata aanze nao, hata kama hana ukurasa mmoja wa kuwaonyesha.

20 Septemba: Faharasa imetoka

Faharasa iko tayari kunakiliwa. Kila mstari una gazeti, toleo, tarehe ya gazeti, tarehe ya tukio, ukurasa na safu, maneno ambayo gazeti lilitumia kwa kijiji, nani anasema, muhtasari kwa Kiswahili, na ilipatikanaje. Orodha ya maneno ya wakati huo iko kwenye faili lake. Picha za kurasa sizisambazi, kwa kuwa hifadhi nyingi zina masharti yake hata pale hakimiliki ya makala ilipokwisha. Mwenye kuhitaji ukurasa atatumia rejea kuufikia mwenyewe, na habari zote za 1923 hadi 1939 nimeandika jalada linakopatikana.

Matumizi yote hadi leo, pamoja na diski, usajili wa mwezi mmoja, bando za intaneti, uchapishaji na nauli, yamefika karibu KSh 23,000. Ningeanza upya, usajili wa kulipia ningeuchukua baada ya kutengeneza orodha ya maneno, si kabla, na pesa za bando nyingi zingebaki mfukoni.

Kuna matoleo yenye kurasa zilizochanika, nayo yameorodheshwa kama mapengo, ili mtu asidhani yalisomwa na kukutwa hayana kitu. Lile gazeti la serikali, Habari, sijaligusa. Baraza ndilo linalofuata, kuanzia toleo la kwanza la 1939, na nitaanza na ukurasa wa barua. Tayari nina familia tatu zinazosubiri kusikia kama kuna mtu wa Pangani aliyeandika.